Malenga Mbele ya Dola

Abdilatif Abdalla, aliyezaliwa Mombasa tarehe 14 Aprili 1946, ni miongoni mwa washairi wa Kiswahili ambao majina yao hayatajwi bila kutajwa jela. Alifungwa na serikali ya Kenya huru akiwa kijana, na kosa lake lilikuwa kuandika. Akiwa kifungoni akaandika tena, na alichokiandika huko kikawa Sauti ya Dhiki, diwani iliyochapishwa mwaka 1973 na ambayo bado inasomwa na kufundishwa Afrika Mashariki. Maisha yake husimuliwa mara nyingi kama kisa cha ushujaa, na ushujaa kweli ulikuwapo. Lakini waliofungwa kwa ajili ya siasa miaka ile walikuwa wengi, na maneno ya walio wengi miongoni mwao yamepotea. Maneno ya Abdilatif hayakupotea kwa sababu yalitungwa na fundi. Ufundi huo wa kutunga, wenye mizani, vina na mafumbo yake, ndio uliomwezesha mtu aliyenyimwa karatasi na watu wa kuzungumza nao kusema na vizazi ambavyo havikuwa vimezaliwa alipofungwa. Kwa mwandishi anayebishana na dola, ufundi si pambo la kuuvika ujasiri. Ndio unaoufanya ujasiri udumu.

Ufundi huo hakuupata darasani. Alikulia katika ukoo ambamo kutunga kulikuwa sehemu ya maisha ya kila siku. Aliyemlea, babu yake Ahmad Basheikh, alikuwa mtungaji. Kaka yake Ahmad Nassir Juma Bhalo ndiye aliyekuja kujulikana kwa diwani ya Malenga wa Mvita, iliyotoka mwaka 1971. Kaka mwingine, Sheikh Abdilahi Nassir, alikuwa mwanachuoni na mwanasiasa aliyesimamia maslahi ya watu wa mwambao wakati hatima ya ukanda wa pwani ilipokuwa ikijadiliwa kabla ya uhuru. Kwa hivyo Abdilatif alisikia siasa na ushairi katika baraza moja, tena kutoka kwa watu wale wale. Na katika Mombasa ile shairi halikungoja sherehe. Watu walipelekeana salamu kwa beti, wakausiana kwa beti, wakalaumiana na kujibizana kwa beti. Hoja iliyoletwa kwa mizani ilitakiwa ijibiwe kwa mizani, na jibu lililokosa vina lilikuwa jibu pungufu hata kama lilikuwa na ukweli ndani yake.

Nyuma ya ukoo huo ulikuwapo urithi mkubwa zaidi. Muyaka bin Haji al-Ghassaniy, aliyeishi Mombasa baina ya mwaka 1776 na 1840 hivi, alitunga wakati Wamazrui waliokuwa wakiutawala mji huo wakipambana na Lamu, kisha na Seyyid Said wa Omani. Muyaka alikuwa upande wa Wamazrui na hakuuficha upande wake. Beti zake ziliwatia moyo wapiganaji, zikawakabili maadui, na zikawakemea watu wa mji wake mwenyewe walipotetereka. Mwaka 1837 Mombasa iliangukia mikononi mwa Seyyid Said, na malenga akaishuhudia dola aliyoitetea ikivunjika. Baada ya kufa kwake, mashairi yake yalikaa zaidi vifuani mwa watu kuliko katika makaratasi. Mwishoni mwa karne ya 19, Mwalimu Sikujua bin Abdallah al-Batawi aliyakusanya kwa kushirikiana na mmisionari W. E. Taylor, na mwaka 1940 William Hichens akayachapisha Afrika Kusini kwa jina la Diwani ya Muyaka. Walioshinda vita waliondoka na ngome, lakini mshairi wa upande ulioshindwa ndiye ambaye watu wa Mombasa waliendelea kumkariri. Kijana aliyekulia katika mji huo alijua, hata bila ya kuambiwa, kwamba beti iliyotengenezwa vizuri inaweza kuishi kuliko utawala.

Kenya aliyoanza kuiandikia Abdilatif ilikuwa nchi changa iliyokwisha kugawanyika. Uhuru ulipatikana Desemba 1963. Februari 1965 Pio Gama Pinto, mbunge na mwanamapinduzi, aliuawa kwa risasi Nairobi. Machi 1966, katika mkutano wa chama tawala, KANU, uliofanyika Limuru, cheo cha makamu wa rais wa chama alichokuwa nacho Jaramogi Oginga Odinga kilifutwa na mahali pake wakawekwa makamu wa mikoa. Odinga akajiuzulu pia umakamu wa rais wa nchi, akaongoza chama kipya cha Kenya People's Union, KPU. Serikali ya Rais Jomo Kenyatta ikabadili katiba haraka ili wabunge waliohama chama warudi kwa wapiga kura, na uchaguzi ule mdogo wa Juni 1966 ukaiachia KPU viti vichache tu. Mwaka huo huo ikapitishwa sheria ya kuhifadhi usalama wa umma, iliyoipa serikali uwezo wa kuwaweka watu kizuizini bila ya kuwafikisha mahakamani. Agosti 1968, ulipofika uchaguzi wa serikali za mitaa, fomu za wagombea wa KPU zilikataliwa kote nchini kwa madai kuwa hazikujazwa sawasawa, na wagombea wa KANU wakapita bila ya kupingwa.

Abdilatif alikuwa mwanachama wa KPU na karani wa hesabu katika Manispaa ya Mombasa. Pamoja na wenzake wachache alishiriki kuandika na kusambaza kwa siri nyaraka za kuikosoa serikali. Mmoja kati ya nyaraka hizo, uliotoka Novemba 1968, uliitwa Kenya: Twendapi? Ulisema kwamba watawala wameupa kisogo umma uliowaweka madarakani, kwamba njia za halali za kuibadili serikali zinazibwa moja baada ya nyingine, na kwamba wananchi hawana budi kujiuliza nchi inapelekwa wapi. Uliandikwa kwa nathari iliyo wazi, ili kila aliyeuokota auelewe mara moja. Aliuelewa mwananchi, na polisi pia wakauelewa. Mwezi uliofuata Abdilatif akakamatwa, akashtakiwa kwa uchochezi chini ya sheria ambazo serikali ya uhuru ilizirithi kwa mkoloni. Mwaka 1969 alihukumiwa kifungo cha miezi 18. Mwanasheria Mkuu akakata rufaa, akisema adhabu hiyo ni ndogo, na kifungo kikaongezwa kikawa miaka mitatu. Mshtakiwa alikuwa na umri wa miaka 22 tu alipokamatwa.

Miaka mitatu hiyo ilikuwa migumu kwa nchi nzima. Tarehe 5 Julai 1969 Tom Mboya aliuawa kwa risasi Nairobi. Oktoba mwaka huo, ziara ya rais mjini Kisumu ilimalizika kwa walinzi wake kuufyatulia risasi umati, na watu wakafa. Siku chache baadaye KPU ikapigwa marufuku, Odinga na viongozi wenzake wakawekwa kizuizini. Chama ambacho Abdilatif alikitetea kikatoweka naye yumo ndani. Hakuwa tena na chama, wala ukumbi, wala mashine ya kurudufia nyaraka. Sehemu kubwa ya kifungo chake aliitumikia peke yake chumbani, katika gereza la Kamiti lenye ulinzi mkali, karibu na Nairobi. Hapo ndipo ilipobainika tofauti iliyopo baina ya mtu mwenye maoni na mtu mwenye fani. Maoni yanahitaji jukwaa la kusemewa. Fani haihitaji jukwaa, kwa kuwa mwenye nayo anaibeba kichwani.

Kwa nini shairi la Kiswahili liliweza kufanya kazi mahali kama pale? Jawabu limo katika namna linavyoundwa. Tarbia, shairi la mistari minne ambalo ndilo limezoewa zaidi pwani, lina mishororo minne katika kila ubeti. Kila mshororo hugawika vipande viwili, na kila kipande kina mizani nane. Mshororo mzima, basi, ni mizani 16, na ubeti ni mizani 64. Kipande cha kwanza humalizikia kwa kina cha kati, cha pili kwa kina cha mwisho, na vina hivyo hurudi katika mishororo mitatu ya mwanzo bila ya kubadilika. Mshororo wa nne hukamilisha maana au huwa kibwagizo kinachorejewa kila ubeti. Kila silabi ina hesabu yake, na hata m na n zinazojisimamia huhesabiwa. Chukua jina la shairi mojawapo la Sauti ya Dhiki, "N'shishiyelo ni Lilo". Ukilihesabu utapata n, shi, shi, ye, lo, ni, li, lo: mizani nane kamili, sawa na nusu ya mshororo. Mshairi aliyelelewa katika fani hii hafikiri kwanza ndipo akapima. Fikra humjia ikiwa imekwisha kupimwa.

Muundo huo unaweza kuonekana kama minyororo, lakini kwa mfungwa una faida tatu. Ya kwanza ni kumbukumbu. Neno likisahaulika, kina kinaelekeza liliishia na sauti gani, na mizani inaonyesha lilikuwa na silabi ngapi, kwa hivyo anayelitafuta hubakiwa na uwanja mdogo wa kutafutia. Ni kama ukili: mwanya wa ukindu mmoja uliorukwa huonekana mara moja, na anayejua kusuka anajua palipopungua. Ndivyo mashairi ya Muyaka yalivyoweza kupita kinywa kwa kinywa na kufika kwa Mwalimu Sikujua. Faida ya pili ni ufupi. Hoja ambayo nathari ingeitumilia kurasa mbili hulazimika kuingia katika beti chache, na maneno machache ni rahisi kuandikwa upesi, kufichwa na kupitishwa. Faida ya tatu ni nidhamu ya nafsi. Mtu aliyefungiwa peke yake, anayepita siku bila ya kazi wala mazungumzo, anakuwa na kazi isiyokwisha: kulitafuta neno linaloibeba maana, linalotimiza mizani na linaloangukia kwenye kina, yote matatu kwa mpigo. Hasira yake haipotei. Inapewa umbo, na yenye umbo haimli mwenye nayo.

Karatasi zilizokuwapo Kamiti zilikuwa za chooni. Juu ya karatasi hizo Abdilatif aliyaandika mashairi yake kwa siri, na kwa msaada wa askari jela mmoja aliyekubali kujihatarisha, yakatolewa nje na kufikishwa kwa kaka yake Abdilahi Nassir. Miaka michache baadaye, mwishoni mwa mwaka 1977, mwandishi Ngũgĩ wa Thiong'o aliwekwa kizuizini katika gereza lilo hilo na akaiandika riwaya yake ya Kigikuyu, Caitaani Mũtharaba-inĩ, juu ya karatasi za namna hiyo hiyo. Katika habari hii jina la yule askari halitajwi sana, ilhali bila yake beti zingebaki ndani ya kuta za jela. Kazi ya mwandishi anayewindwa haiwi ya mtu mmoja kamwe. Kuna anayetunga, kuna anayeficha, kuna anayepokea na kuhifadhi, na kila mmoja ana sehemu yake katika hatari na katika sifa.

Yaliyomo katika Sauti ya Dhiki yanaonyesha namna fundi anavyochagua chombo kulingana na kazi. Yapo mashairi yasemayo wazi. "Siwati" ni tamko la mtu anayekataa kuuacha msimamo wake hata akifanywa nini. "Kuno Kunena" linazungumzia malipo aliyoyapata kwa kusema, bila ya kujutia kusema. "N'shishiyelo ni Lilo" linaendeleza ahadi hiyo hiyo. Katika mashairi haya mshairi hajifichi nyuma ya chochote. Kinachoyazuia yasigeuke kelele ni ule utaratibu wa mizani na vina, unaoilazimisha sauti ya mwenye uchungu itembee kwa hatua zilizohesabiwa. Msomaji anausikia uchungu na anasikia pia kwamba mwenye uchungu hajashindwa, kwa sababu aliyeshindwa hawezi kutunga kwa utulivu kama ule.

Yapo pia mashairi ya fumbo, na hapa ndipo urithi wa Muyaka unapoonekana zaidi. Katika "Mamba" anasimuliwa mnyama mwenye nguvu anayejiona bwana wa maji, na ambaye naye siku yake haina budi kufika. Katika "Mnazi: Vuta N'kuvute" watu wawili, Alii na Badi, wanaugombea mnazi mmoja. Mmoja yu juu ya mti na mwenzake yu chini, na kila mmoja anatoa hoja zake kuhusu nani mwenye haki ya mti na matunda yake. Shairi linakwenda kwa kupokezana, mfano wa malumbano ya barazani. Hakuna serikali iliyotajwa, wala chama, wala rais. Hata hivyo msomaji wa Kenya ya mwaka 1973, aliyeziona fomu za wagombea zikikataliwa na chama kikipigwa marufuku, hakuhitaji kuambiwa mnazi ni nini. Wala fumbo hilo halikufa pamoja na utawala ule. Popote penye mali ya wote iliyoshikwa na wachache, Alii na Badi wanaendelea kubishana.

Baadhi ya watu hulichukulia fumbo kuwa njia ya kukwepa, yaani mwandishi amesema na hakusema. Hukumu hiyo haimstahili mtu aliyekwisha kusema waziwazi katika waraka na kulipa kwa miaka mitatu ya maisha yake. Kwa malenga wa pwani fumbo ni heshima kwa msikilizaji. Linamwachia kazi ya kufumbua, na alichokifumbua mwenyewe hukishika kwa nguvu zaidi kuliko alichoambiwa. Tena fumbo lina ugumu wake: mnazi lazima uwe mnazi kweli, wenye kupandwa, kutiliwa maji, kukwewa na kuangua nazi, kabla haujawa nchi. Mtungaji asiyeijua minazi hawezi kuitungia fumbo. Ukweli huo wa vitu vidogo vinavyojulikana na kila mtu wa mwambao ndio unaolifanya shairi lisimame hata kwa msomaji asiyejua lolote juu ya siasa za Kenya za mwaka 1968.

Diwani hiyo haikuishia kwenye siasa. Lipo shairi kama "Usiniuwe!", ambamo anayesema ni kiumbe kilicho bado tumboni, kikimsihi mama yake. Yapo ya kuuliwaza moyo, ya urafiki na usaliti, ya kumwelekea Mungu, ya mnyonge na haki yake. Mfungwa wa siasa alikataa kupunguzwa akawa siasa peke yake, na hilo ni jambo kubwa. Dola inapomfunga mtu humpa jina moja, la mchochezi, na ingependa alitumie jina hilo hadi mwisho. Abdilatif aliendelea kuwa mwana, ndugu, mja na rafiki ndani ya beti zake, na kwa hivyo hata mashairi yake ya siasa yana uzito wa mtu kamili anayeyasema. Lugha yake nayo ilikuwa ile aliyozaliwa nayo. Alitunga kwa Kimvita, na miundo ya lahaja hiyo ilimpa hazina kubwa ya maneno yenye silabi za idadi mbalimbali, ambayo ndiyo mali ya kwanza ya mtu anayetunga kwa mizani.

Abdilatif alitoka jela mwaka 1972. Sauti ya Dhiki ilipochapishwa na Oxford University Press mwaka uliofuata, ilikuja na utangulizi wa Shihabuddin Chiraghdin, mwanazuoni wa Mombasa aliyefanya kazi kubwa ya kuhifadhi na kueleza ushairi wa Kiswahili. Wakati huo Utenzi wa Maisha ya Adamu na Hawaa, kazi nyingine ya Abdilatif, ulikuwa umekwisha kutoka mwaka 1971 naye akiwa bado kifungoni. Mwaka 1974 Sauti ya Dhiki ikapewa Tuzo ya Fasihi ya Jomo Kenyatta. Tuzo yenye jina la rais ilikwenda kwa kitabu kilichotungwa katika jela ya rais huyo huyo. Waliotoa tuzo walikuwa watu wa vitabu, wala hawakuwa serikali, na uamuzi wao ulikuwa wa haki. Maoni ya mtu mmoja yalikwenda hadharani kwa namna mbili. Kwa namna ya waraka yalihukumiwa mahakamani. Kwa namna ya ushairi yalipimwa na wajuzi wa fasihi, wakakuta kazi ambayo hakuna namna ya kuipita bila ya kuitambua. Kitabu kikaingia shuleni na vyuoni, na wanafunzi wa nchi iliyomfunga mtunzi wakahesabu mizani ya beti zake.

Miaka hiyo hiyo ushairi wa Kiswahili uliingia katika ubishani mkubwa juu ya umbo lake. Upande mmoja walikuwapo waliosimamia sheria za vina na mizani, zilizoelezwa mapema na Sheikh Kaluta Amri Abedi katika kitabu chake cha mwaka 1954, Sheria za Kutunga Mashairi na Diwani ya Amri. Upande mwingine walikuwapo waandishi vijana, hasa wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, waliotaka shairi liwe huru. Kichomi cha Euphrase Kezilahabi, kilichotoka mwaka 1974, kikawa bendera yao. Walisema, na hawakukosa hoja, kwamba vina vinaweza kumfanya mtunzi atafute sauti badala ya fikra. Wengine walikwenda mbali zaidi wakaona kwamba umbo la zamani lazima libebe mawazo ya zamani, na kwamba mapinduzi ya fikra hayawezi kuja bila ya mapinduzi ya umbo. Sauti ya Dhiki ni jibu zito kwa dai hili la pili. Humo mna mtu aliyetofautiana na watawala wa nchi yake hadi kufungwa, na ambaye hata hivyo hakuona haja ya kutofautiana na babu zake katika namna ya kutunga. Alilichukua umbo lililotumika kwa mawaidha, kwa mapenzi na kwa vita vya Wamazrui, akaliambia lishike kero ya raia wa dola ya kisasa, nalo likashika. Ushairi huru umezaa kazi nzuri na umepata mahali pake pa haki. Lakini hakuna anayeweza kusema tena kwamba mizani humfunga mdomo mwenye jambo la kusema.

Baada ya kutoka kifungoni Abdilatif hakukaa Kenya. Alihamia Tanzania, akafanya kazi katika Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, wakati taasisi hiyo ilipokuwa ikiiandaa Kamusi ya Kiswahili Sanifu iliyotoka mwaka 1981. Mwaka 1973 alihariri Utenzi wa Fumo Liyongo wa Muhammad Kijumwa, na mwaka 1976 ikatoka Wema Hawajazaliwa, tafsiri yake ya riwaya mashuhuri ya Ayi Kwei Armah wa Ghana, nayo ni riwaya ya uhuru uliosalitiwa. Mwaka 1979 alikwenda London, akatangaza katika Idhaa ya Kiswahili ya BBC, kisha akawa mhariri wa jarida la Africa Events. Huko, wakati kamatakamata ilipozidi Kenya baada ya jaribio la mapinduzi la Agosti 1982, alishirikiana na Wakenya wenziwe, akiwamo Ngũgĩ, katika kamati iliyodai kuachiwa kwa wafungwa wa siasa. Kuanzia mwaka 1995 hadi alipostaafu mwaka 2011 alifundisha Kiswahili katika Chuo Kikuu cha Leipzig, Ujerumani. Miaka zaidi ya ishirini ilipita kabla hajarudi kuiona nchi yake.

Ukizitazama kazi hizo kwa pamoja, utaona zote ni kazi za lugha, na nyingi ni za kuwahudumia wengine: kamusi, uhariri, tafsiri, utangazaji, ualimu. Mtu aliyekwisha kupata jina kwa diwani moja angeweza kutoa nyingine nyingi kwa nguvu ya jina hilo. Yeye alitumia miaka yake kuwasahihisha wengine, kuwafasiri na kuwafundisha. Huu nao ni upande wa ufundi ambao hausifiwi vya kutosha. Fundi anaitunza karakana, anawafunza wanagenzi, anavihifadhi vifaa vya waliomtangulia. Mwaka 2016 wanazuoni Rose Marie Beck na Kai Kresse walitoa kitabu kizima juu yake kilichochapishwa Dar es Salaam na Mkuki na Nyota, na kwa jina lake kitabu hicho kinamwita mshairi aliye ndani ya siasa. Mpangilio wa maneno hayo ni sahihi: alikuwa mshairi kwanza.

Maisha ya namna hii yana gharama ambayo sifa haiwezi kuifuta. Ujana ulikwenda jela, na sehemu kubwa ya utu uzima ikapita ugenini, mbali na jamaa na mbali na mji ambao lugha yake ndiyo iliyomfanya mshairi. Hakuna diwani inayorudisha miaka hiyo, na dola iliyomfunga haikupaswa kumfunga. Lakini kwa yeyote anayetaka kuandika katika nyakati za misukosuko, maisha hayo yanafundisha jambo la kutenda. Ujasiri humjia mtu kwa siku moja, pengine kwa saa moja, wakati wa kuamua kusema au kunyamaza. Ufundi hauji hivyo. Hutafutwa mapema, katika siku za amani, kwa kusikiliza wakubwa, kukariri kazi zao, kuhesabu mizani na kukubali kusahihishwa. Abdilatif alipokamatwa mwaka 1968 hakuwa na muda wa kujifunza kutunga. Alikuwa amekwisha kujifunza, kwa babu yake, kwa kaka zake na kwa mashairi ya Muyaka, na kwa hivyo alipoachwa peke yake na karatasi ya chooni, alikuwa na cha kuandika na alijua namna ya kukiandika.